Ankara isiyolipwa na kazi ya kujitolea: kwa nini si kila hasara inapunguza kodi

Ndugu zangu wenye biashara ndogo, kila mwaka ifikapo Mei na Juni, wakati wale ambao mwaka wao wa hesabu unaishia Desemba wanapokimbizana na tarehe 30 Juni ya kuwasilisha ritani (taarifa ya mapato na kodi ya mwaka), watu hunijia na maswali mawili ambayo kwa juu yanaonekana hayana uhusiano. La kwanza ni la mtu aliyefanya kazi, akatoa ankara, akazungushwa mpaka akakata tamaa, na sasa anataka kujua kama deni lile linaweza kutolewa kwenye mapato ili kodi yake ipungue. La pili ni la mtu aliyechapisha mitihani ya shule ya kata bila malipo, au aliyeweka nyaya za umeme kwenye zahanati ya kijijini kwao, naye anauliza thamani ya kazi ile aiandike wapi. Mimi ni mhasibu hapa Mwanza. Natayarisha hesabu za mafundi, maduka na kampuni ndogo, na nimeona watu waadilifu wakiingia kwenye adhabu kwa kujibu maswali haya kwa kubahatisha. Nitaeleza hali ya Tanzania Bara, kisha mwishoni nitagusa Kenya na Marekani kwa sababu kuna wasomaji wa huko walionitumia maswali.

Maswali yote mawili yanasimama juu ya msingi mmoja. Punguzo la kodi kwa deni lililokufa ni njia ya kufuta mapato ambayo ulikwisha kuyaandika na ambayo kodi yake imeshahesabiwa. Kama hukuwahi kuyaandika, hakuna cha kufuta. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama unaweza kupunguza, jiulize kwanza: fedha hii ambayo sijaipata, je, kwenye hesabu zangu za kodi imehesabiwa kama niliyoipata? Jibu linategemea wewe ni nani mbele ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, na hapa ndipo wengi wanapopotea.

Kuna makundi matatu. Kundi la kwanza ni la mtu binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100 na ambaye anatozwa kwa mfumo wa makadirio kulingana na mauzo. La pili ni la mtu binafsi anayetengeneza hesabu kamili, ama kwa sababu mauzo yake yamevuka kiwango hicho, ama kwa sababu amechagua mwenyewe kutoka kwenye mfumo wa makadirio. La tatu ni kampuni, hata kama ni ya mtu na mkewe na ofisi yake ni kibanda kimoja. Mtu binafsi anayetengeneza hesabu anaruhusiwa kutumia mfumo wa fedha taslimu, ambao mapato yanahesabika siku fedha inapoingia mkononi au benki na gharama zinahesabika siku inapotoka. Kampuni haina ruhusa hiyo. Kampuni inalazimika kutumia mfumo wa akruo, yaani mapato yanahesabiwa pale haki ya kulipwa inapopatikana, awe mteja amelipa au hajalipa.

Nataka nikae hapa kwa kampuni, kwa sababu ndipo maumivu yalipo.

Nina mteja ambaye ni fundi wa kuchomelea. Kwa miaka mingi alifanya kazi kwa jina lake na TIN yake binafsi. Alipoona kazi za kutengeneza madawati na mageti ya taasisi zinawapita watu binafsi, alisajili kampuni BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, ili aweze kuomba zabuni. Hakuna aliyemwambia kwamba siku ile cheti cha usajili kilipotoka, namna yake ya kuhesabu mapato ilibadilika pia. Akapata LPO (hati rasmi ya mnunuzi ya kuagiza bidhaa) ya madawati yenye thamani ya shilingi milioni 24. Vyuma, mbao, rangi, umeme, usafiri na ujira wa vijana vilimgharimu milioni 15. Alikabidhi mzigo mwezi Novemba, hati ya kupokelea ikasainiwa, na kama ilivyo kawaida kwa taasisi nyingi, mnunuzi alitaka risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, iambatanishwe kwenye madai kabla ya malipo kuandaliwa. Akaitoa. Malipo hayakuja Desemba, hayakuja Machi, na Juni alipofika kwangu alikuwa na kitabu kilichosema kwamba mwaka ule alipata hasara ya milioni 15.

Sheria haikuiona hasara ile. Iliona mapato ya milioni 24, gharama za milioni 15 na faida ya milioni 9, ambayo kwa kiwango cha kampuni cha asilimia 30 inazaa kodi ya shilingi 2,700,000. Mtu aliyekopa ili anunue vyuma anatakiwa alipe kodi ya faida ambayo hajaigusa hata senti. Nilipomweleza alikaa kimya muda mrefu, na mimi sikuwa na neno la kumfariji, kwa sababu hesabu ilikuwa sahihi.

Wazo lake la pili lilikuwa lile ambalo wengi hulipata: basi tuandike kwamba deni limekufa, tulifute, faida ipotee. Hapo ilibidi nimzuie. Sheria inaruhusu kufuta deni lisilolipika, lakini kwa mtu ambaye si benki inaweka masharti mawili yanayokwenda pamoja. Lazima uwe umechukua hatua zote za maana za kulidai, na lazima uwe na sababu ya msingi ya kuamini kwamba halitalipwa. Miezi saba ya kucheleweshwa na mnunuzi ambaye ofisi yake iko wazi, anayejibu simu na anayesema fungu halijatoka, haitimizi sharti la pili hata kidogo. Hilo ni deni linalochelewa, na kuchelewa si kufa. Ni gumu zaidi pale mdaiwa anapokuwa taasisi ya umma, kwa sababu ni vigumu mno kumshawishi mkaguzi wa kodi kwamba taasisi ya umma haitalipa kamwe.

Sasa hatua za maana ni zipi? Sheria haikuziorodhesha, lakini kwa uzoefu wangu mkaguzi hutaka kuona mlolongo wa karatasi unaoonyesha mtu aliyekuwa akidai kwa dhati. Kuwe na mkataba au LPO, ankara yenye tarehe, na hati ya kupokelea iliyosainiwa. Kuwe na barua za kukumbusha zilizogongwa muhuri wa kupokelewa, au barua pepe, au ujumbe wa WhatsApp ambao mdaiwa anakiri deni na kuahidi tarehe. Kisha iwepo notisi ya madai, ikiwezekana kupitia wakili, na pale ambapo kiasi kinastahili gharama hiyo, shauri mahakamani. Zingatieni pia kwamba madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita chini ya Sheria ya Ukomo. Anayekaa kimya mpaka miaka hiyo ikapita amejipotezea haki ya kudai, na mkaguzi ana haki ya kumuuliza alikuwa wapi. Mwisho kuwe na uamuzi wa kuandikwa wa wakurugenzi unaotaja jina la mdaiwa, kiasi, sababu na tarehe ya kufutwa kwa deni lile, na uamuzi huo uonekane kwenye vitabu vya mwaka huohuo.

Nasisitiza jina la mdaiwa kwa sababu nimeona wahasibu wenzangu wakitenga asilimia fulani ya madeni yote kama tahadhari, na kisha kuitoa kwenye mapato ya kodi. Kutenga huko ni sahihi kwenye taarifa za fedha, na viwango vya uhasibu vinakutaka ufanye hivyo, lakini kwa kodi hakukubaliki kwa mfanyabiashara wa kawaida. Kinachokubalika ni deni fulani, la mtu fulani, lililofutwa kweli. Tahadhari ya jumla inarudishwa kwenye faida wakati wa kukokotoa kodi, na asiyeirudisha ataletewa tathmini ya ziada.

Itokee umefuta deni kihalali, kisha baada ya miaka miwili mdaiwa akajitokeza na kulipa, basi kiasi kile kinaingia kwenye mapato ya mwaka uliolipwa. Na mkikubaliana alipe milioni 16 badala ya 24 ili mmalizane, andikeni makubaliano hayo, wote mtie saini, na toeni kredit noti (hati ya kupunguza ankara) ya tofauti. Kupunguza bei kwa maafikiano ya kweli ni rahisi zaidi kuthibitisha kuliko kifo cha deni.

Fundi wangu tulimsaidia kwa njia nyingine. Tuliwasilisha ritani kwa wakati ikiwa na mapato yote, kwa sababu risiti ya EFD ilikuwa imeshatoka na mfumo wa TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, ulikuwa na taarifa zake, kisha tukaandika barua ya kuomba kulipa kodi ile kwa awamu, tukiambatanisha LPO na barua za kudai. Kamishna ana mamlaka ya kuongeza muda wa kulipa kwa anayeomba akiwa na sababu. Riba ya kuchelewa haikufutika, lakini alilipa kidogokidogo bila akaunti yake kufungwa.

Kwa mtu binafsi anayetumia mfumo wa fedha taslimu, mambo ni mepesi, na ndiyo maana jibu lake huwa fupi na humkera. Mpiga picha aliyetoa ankara ya milioni 3 kwa kazi ya harusi na kampuni ya wapambaji ikatoweka, hana cha kupunguza kwa ankara ile, kwa kuwa milioni 3 hazikuwahi kuingia kwenye mapato yake. Akizitoa tena atakuwa amepunguza mara mbili: kwanza kwa kutoziandika, na pili kwa kuziondoa kwenye mapato ya wateja waliomlipa. Asisahau, hata hivyo, kwamba gharama halisi alizolipa kwa kazi ile anazitoa kama kawaida: nauli, msaidizi, kuchapisha picha, kukodi taa. Hizo zilitumika kwa ajili ya kutafuta mapato hata kama mapato hayakuja. Kinachobaki bila fidia ni muda wake na faida aliyoitarajia, na hivyo havijawahi kutozwa kodi.

Mtu akishachagua mfumo mmoja haruhusiwi kurukaruka. Huwezi kutumia fedha taslimu mwaka ambao wadaiwa ni wengi na akruo mwaka ambao wewe ndiye unayedaiwa. Kubadili kunahitaji maombi kwa Kamishna.

Wenye maduka walio kwenye mfumo wa makadirio wana hali ambayo mimi naiona ngumu kuliko inavyozungumzwa. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2022, mwenye mauzo kati ya milioni 11 na milioni 100 anatozwa asilimia 3.5 ya mauzo. Mwenye mauzo ya milioni 40 analipa 1,400,000. Hapo hakuna gharama inayotolewa, si kodi ya pango, si mshahara, si deni. Sasa chukua mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayetoa mali kauli kwa mafundi, anayetoa risiti ya EFD mzigo unapotoka kama sheria inavyotaka, na ambaye mwisho wa mwaka daftari la madeni lina milioni 5 ambazo anajua hazitarudi. Risiti zake zinasema milioni 40. Mfumo huu hauna mahali pa kuwekea zile milioni 5. Kama biashara yako inaishi kwa mali kauli na faida yako kwa kila bidhaa ni ndogo, kaa na mhasibu ufanye hesabu ya kujitoa kwenye makadirio na kutengeneza hesabu kamili. Sheria inakupa hiari hiyo, ingawa itakuongezea kazi ya vitabu na gharama ya mhasibu aliyesajiliwa.

Ninawaomba msifuate ushauri wa kutokutoa risiti mpaka mteja alipe. Wajibu wa kutoa risiti unaanza bidhaa au huduma inapotolewa, na adhabu ya kutokutoa inaweza kuzidi deni lenyewe.

Kazi ya kujitolea, swali la pili, nitalieleza kwa mfano wa mafundi wawili wa kompyuta ambao kila mmoja hutoza shilingi 500,000 kwa kazi moja. Wa kwanza anamfanyia mteja, analipwa 500,000, kisha anazichangia kwenye kituo cha watoto yatima. Wa pili anakwenda kituoni moja kwa moja na kufanya kazi ileile bure. Wa kwanza aliandika mapato ya 500,000, na hata kama sheria ingemruhusu kutoa mchango wote, angebaki na sifuri. Wa pili hakuandika mapato yoyote, wala hakupunguza kitu kwenye mapato. Naye ana sifuri. Wote wamefikia mahali pamoja. Sasa tukimpa wa pili punguzo la 500,000 kwa thamani ya muda wake, tutakuwa tumemfutia kodi ya mapato aliyoyapata kwingine, na yule aliyetoa fedha taslimu atabaki nyuma yake. Ndiyo maana thamani ya muda wako haipunguzi kodi. Hiyo haimaanishi kwamba kazi yako haina thamani, na naelewa kabisa kwa nini mtu aliyetoa wiki mbili za maisha yake kwa zahanati ya kijiji anaumia anaposikia hivyo.

Kwa michango ya fedha, Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu kutoa kiasi kilichochangwa kwa taasisi ya hisani au mradi wa maendeleo ya jamii, lakini kwa ukomo wa asilimia 2 ya mapato ya biashara yaliyokokotolewa kabla ya kutoa mchango wenyewe. Mwenye mapato ya milioni 12 ana nafasi ya 240,000 tu. Na taasisi ya hisani kwa maana ya kodi si kila kikundi chenye nia njema na katiba. Ni ile ambayo Kamishna ameitambua rasmi kwa uamuzi wa maandishi, baada ya kuona kwamba imeundwa kwa madhumuni kama kuondoa umaskini na dhiki, kuendeleza elimu, au kutoa huduma za afya, maji na barabara kwa umma. Kabla hujachangia kwa matumaini ya punguzo, omba nakala ya uamuzi huo.

Vitu ulivyovitumia kwenye kazi ya kujitolea vina njia yake. Mwenye stationeri aliyechapisha mitihani ya shule alitumia rimu na wino alivyovinunua, na hizo ni fedha zilizotoka kweli. Je, zilitoka kwa ajili ya kuzalisha mapato pekee? Kama ni msaada mtupu, kwa maoni yangu si gharama ya biashara, na njia pekee iliyobaki ni ile ya mchango wenye ukomo wa asilimia 2. Kama mlikubaliana kwa maandishi kwamba jina la duka litachapwa kwenye kila karatasi, au bango litakaa kwenye sherehe ya mahafali, hapo kuna tangazo, na gharama ya tangazo ni gharama ya biashara. Lakini makubaliano yawepo kabla ya kazi, na tangazo lionekane kweli; picha moja yenye tarehe inatosha kuokoa mabishano ya siku nzima.

Mtego mbaya kuliko yote ni ule unaounganisha maswali haya mawili. Mtu anafanya kazi ya hisani, kisha anatoa ankara ya milioni 2 kwa jina la shule, na mwisho wa mwaka anaifuta kama deni lisilolipika. Kwa anayetumia fedha taslimu, huko ni kupunguza mapato ambayo hayakuandikwa. Kwa kampuni, ankara ile imeingiza milioni 2 kwenye mapato, na mkaguzi atakapouliza ni hatua gani zilichukuliwa kudai, hakuna barua hata moja, kwa sababu hakukuwa na nia ya kudai. Punguzo litakataliwa na mapato yatabaki. Kampuni itatozwa 600,000 kwa wema wake. Kazi ya bure iandikie barua ya bure: eleza ulichofanya, kwa nani, tarehe gani, na kwamba hakuna malipo yanayodaiwa. Usiitolee ankara, wala risiti ya EFD yenye thamani.

Maswali yaliyofuata nitayajibu hapa.

Dada yangu wa Mbeya ameuliza: «Mimi nimesajiliwa VAT. Mteja hajanilipa, nikisubiri alipe ndipo nipeleke VAT nitakuwa nimekosea?» Ndiyo, utakuwa umekosea. Chini ya Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014, kodi inadaiwa kwa tukio linalotangulia kati ya kutoa ankara, kupokea malipo na kutoa huduma au bidhaa yenyewe. Ukitoa ankara ya milioni 10 kabla ya VAT, asilimia 18 yake, yaani 1,800,000, inatakiwa kwenye ritani ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ndiyo maana huwa nawashauri wenye kazi za huduma watume profoma (ankara ya awali ambayo si ya kodi) kwanza, na wakubaliane kwenye mkataba kwamba ankara ya kodi itatolewa kwa hatua kadiri kazi inavyoendelea. Sheria ina utaratibu wa kurekebisha VAT ya deni lililokufa, lakini ni baada ya deni kukaa muda uliowekwa na kufutwa kwenye vitabu, hivyo usiuhesabu kama msaada wa mwezi huu. Na kumbuka kwamba tangu mwaka 2023 kiwango cha mauzo kinacholazimisha usajili kimepanda kutoka milioni 100 hadi milioni 200. Kuna watu walioomba kusajiliwa kwa hiari bila kufikiria mzigo huu. Kwa walioko Zanzibar, kodi ya mapato ni ya Muungano na niliyoyasema yanawahusu, ila VAT yao ina sheria yake.

Mwingine amesema mteja alimkata asilimia 5 ya kodi ya zuio, yaani kodi ambayo mlipaji huikata na kuipeleka TRA kwa niaba yako, kwenye malipo ya awali ya huduma, kisha salio halikulipwa kabisa. Kodi iliyokatwa ni mali yako. Dai cheti chake na itumie kupunguza kodi yako ya mwaka. Ile sehemu ambayo haikulipwa haina kodi ya zuio, kwa hiyo usiandike cheti ambacho huna.

Kuna aliyemkopesha shemeji yake milioni 2 kutoka kwenye fedha za duka na hazikurudi. Huo ni mkopo wa kindugu. Haukutokana na mauzo, haukuwahi kuwa mapato, na si gharama ya biashara. Ziandikwe kama fedha alizozitoa mwenye biashara kwa matumizi yake.

Kuna aliyeniuliza upande wa pili, pale ambapo yeye ndiye anayedaiwa. Kampuni inayotumia akruo inaitoa gharama kwenye mapato hata kama haijailipa, lakini mdai akikusamehe, kiasi ulichosamehewa kinarudi kwenye mapato yako. Anayetumia fedha taslimu hawezi kutoa gharama ambayo hajailipa.

Ndugu wa Nairobi, kwenu msingi ni uleule ila sheria yenu imeandika wazi zaidi. Mwongozo uliotangazwa mwaka 2011 kuhusu madeni mabaya unataja mazingira yanayokubalika: haki ya kudai imepotea kwa amri ya mahakama, dhamana imeuzwa na haikutosha au hakuna dhamana ya kuuza, mdaiwa ametangazwa kufilisika, gharama ya kudai inazidi deni, au kuna sababu nyingine ya maana ya kuacha kudai. Natamani na sisi tungepata mwongozo wa namna hiyo, maana neno «hatua za maana» linaacha mengi mikononi mwa mkaguzi. Kwa michango, sheria ya Kenya inazungumzia michango ya fedha taslimu kwa taasisi za hisani, kwa hiyo muda wako hauingii. Na anayelipa kodi ya mauzo ya asilimia 3, ambayo tangu Julai 2023 inawahusu wenye mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25 za Kenya, haruhusiwi kutoa gharama, kama ilivyo kwenye makadirio yetu.

Kaka uliyeko Marekani mwenye biashara ya usafi wa ofisi, kama unawasilisha Schedule C (fomu ya mapato ya biashara ya mtu binafsi) kwa mfumo wa fedha taslimu, ankara isiyolipwa si deni baya unaloweza kupunguza, kwa sababu hukuiandika kama mapato. IRS, mamlaka ya kodi ya huko, pia inasema waziwazi kwamba thamani ya muda na huduma zako kwa taasisi ya hisani haipunguzwi. Unachoweza kudai, ukiorodhesha makato yako moja moja, ni fedha uliyotoa mfukoni kwa ajili ya kazi ile, na ukiendesha gari lako kwa shughuli hiyo, senti 14 kwa maili.

La mwisho ni la kijana aliyepokea tathmini ya TRA iliyokataa deni alilolifuta. Una siku 30 tangu ulipopokea tathmini kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, na pingamizi halipokelewi mpaka ulipe kiasi usichokibishia au theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa, chochote kilicho kikubwa. Unaweza kuomba upunguziwe au usamehewe amana hiyo ukitoa sababu za msingi. Ambatanisha kila karatasi niliyoitaja hapo juu, kuanzia LPO hadi uamuzi wa wakurugenzi, na uzipange kwa tarehe. Kumbukumbu unatakiwa kuzitunza kwa miaka mitano, kwa hiyo hata zile jumbe za simu zichape leo kabla simu haijaharibika. Siku zako zinahesabika tangu ulipopokea barua ile, na kwa tarehe uliyonitajia zimebaki 11.